Mvua kubwa ikikukuta njiani mjini Unguja: mwongozo kwa aliyefika karibuni

Kila mwaka mvua za kwanza zikipiga, simu yangu huanza kulia. Mara ni kijana aliyekuja kusoma, mara binti aliyeanza kazi juzi, mara jamaa kutoka Wete au Tanga ambaye hajamaliza wiki hapa mjini. Swali ni lilelile: "Nimekwama Darajani, maji yanapanda, nipite au nisubiri?" Nimejibu mara nyingi nikiwa na haraka, na jibu la haraka huacha mambo. Leo nimekaa kitako niyaandike yote.

Mimi ni mtu wa Pemba. Nilikuja Unguja kusoma, na mvua yangu ya kwanza ya mjini ilinikuta hapohapo Darajani, saa tisa alasiri, nimevaa ndara, mkoba wa kitambaa begani na simu mfukoni. Nilikimbia. Niliona nikishavuka barabara nitakuwa nimeokoka. Mguu wa kulia ukazama kwenye mtaro uliotoka mfuniko, nami sikuuona kwa sababu maji yalikuwa yameshaufunika. Niliinuka na ndara moja, simu imekufa, na jeraha la muundi lililochukua wiki tatu kufunga. Mvua yenyewe ilikatika muda mfupi baadaye. Ningesimama mahali pa juu nikangoja, nisingepata hata mkwaruzo.

Basi ukisoma hapa huku unalowa, shika hili kwanza: usikimbie, usivuke maji usiyoyajua kina, panda baraza lolote lililo karibu. Mengine soma ukishatulia.

Uwe na nini kabla hujatoka

Msimu mkubwa ni masika, Machi mpaka Mei, na Aprili ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote. Vuli ni Oktoba mpaka Disemba. Kwa maoni yangu vuli ndiyo inayowanasa wageni zaidi, maana asubuhi jua linachoma, mtu anatoka mikono mitupu, alasiri mbingu zinafunguka. Katika miezi hiyo usitoke bila hivi:

- Kitu cha kuzuia maji kwa ajili ya simu na vitambulisho. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, kwa hiyo usitegemee kuipata dukani ukishalowa. Kopo la plastiki la chakula, lenye kifuniko kinachobana, linatosha kabisa. Mimi natembea nalo mpaka leo.
- Viatu vinavyoshika mguu. Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma ni bora kuliko ndara. Ndara huvuliwa na maji, na juu ya mawe yaliyolowa huteleza vibaya.
- Koti jepesi la mvua. Mwavuli unafaa kwa manyunyu tu. Upepo ukiingia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hubanwa na kuongeza nguvu, na mwavuli hupinduka kabla hujafika kona ya pili.
- Kanga au kikoi kimoja kwenye mkoba. Ni taulo, ni shuka, ni ushungi, ni bendeji.
- Noti ndogondogo. Hakuna atakayekutafutia chenji katikati ya mvua.
- Karatasi yenye namba mbili za simu za watu wako wa hapa, jina la mtaa unaokaa, na jina la msikiti au duka lililo jirani na nyumba. Watu hapa hawaelekezani kwa namba za nyumba. Ukisema "Kiponda, nyuma ya msikiti fulani" utafikishwa mlangoni.

Asubuhi sikiliza redio au tazama taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wao hutoa daraja tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kukiwa na tahadhari, safari isiyo ya lazima iahirishe. Kukiwa na tahadhari kubwa, baki ulipo.

Hatua kwa hatua

1. Tazama wauza bidhaa, si mbingu peke yake.

Mgeni hajui wingu lipi la hapa lina maji na lipi linapita tu. Wauzaji wa Darajani wanajua, kwa sababu wingu likiwadanganya wanapoteza mali. Fukuto linazidi, upepo unakatika ghafla, majani ya minazi yanatulia kama yamechorwa. Halafu unapita ubaridi mmoja wenye harufu ya udongo. Hapo ndipo utawaona wanavuta maturubai, wanageuza masinia ya dagaa, wanapandisha magunia ya mbatata juu ya meza. Turubai la tatu likishafunguka, una dakika chache tu. Usizitumie kumalizia manunuzi.

2. Jiulize: hapa nilipo ni juu au chini?

Hili ndilo wageni hawalijui, na ndilo lenye faida kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Jina la Darajani si la bure. Hapo palikuwa na daraja. Mji Mkongwe zamani ulikaribia kuwa kisiwa: mkono wa bahari uliingia kutoka upande wa Funguni, ukapita nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja, ukautenga na Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa katika karne ya 20, na barabara kubwa inayopita sokoni, ambayo wengi bado wanaiita Creek Road, imelala juu yake. Kwa macho unaona lami na maduka. Lakini ardhi bado ni ya chini, na mvua ikiwa nyingi maji hukusanyika palepale bahari ilipokuwa.

Kwa hiyo kariri ramani hii kichwani. Chini ni Darajani na ukanda wote wa barabara ile, viwanja vya Mnazi Mmoja, na upande wa Funguni. Ukienda nje ya mji, Mwanakwerekwe kuna bwawa linalojulikana kwa kufurika masika. Ukiwa sehemu hizo wingu likafunga, ondoka mapema, ingia ndani ya Mji Mkongwe au panda upande wa Ng'ambo penye mwinuko. Ukiwa tayari uko ndani ya mji, Hurumzi, Kiponda au Mkunazini, usishuke Darajani kutafuta daladala. Kaa hukohuko.

Angalia pia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huwa na maji ya bamvua, na hapa Unguja bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Mitaro ya mjini inamwaga baharini. Bahari ikiwa imejaa mpaka juu, maji ya mvua hayana pa kutokea, hurudi barabarani. Mvua ileile ikipiga saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, hukauka upesi. Ikipiga saa kumi jioni siku ya bamvua, hukaa. Watu wa pwani tunayajua haya kwa sababu ya uvuvi. Aliyetoka bara hana njia ya kuyajua mpaka aambiwe.

3. Chagua pa kujistiri, na uangalie ukuta kwanza.

Pazuri: baraza la mawe lenye upenu, ukumbi wa nyumba, daka la mlango mkubwa, duka, mkahawa, chini ya majengo ya Michenzani kama uko Ng'ambo. Mabaraza yale yaliyojengwa mbele ya nyumba si ya kukalia na kunywea kahawa tu. Barabara ikigeuka mto, baraza ndiyo njia ya miguu, na unaweza kutoka moja kwenda jingine bila kugusa maji.

Pabaya ni chini ya mnazi (makuti na nazi huanguka), chini ya mti uliosimama peke yake, chini ya bati lililolegea, na ukutani mwa nyumba mbovu. Hili la mwisho lishike sana. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Plasta ikibanduka, ukuta hunywa maji, huwa mzito, na chokaa hulegea. Sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la masultani pale Forodhani, ilianguka Disemba 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu walikufa. Nyumba ya mtu wa kawaida isiyotunzwa haina nguvu kuliko jumba lile.

Kwa hiyo inua macho kabla hujajibanza. Ukuta umetoa tumbo? Kuna magogo yameuegemeza? Kuna miti midogo imeota kwenye nyufa? Roshani imeinama? Ukiona moja tu kati ya hayo, hama, hata kama pakavu.

4. Piga hodi.

Wageni wengi wanaona haya. Wanakaa kwenye mvua saa nzima mbele ya mlango uliofungwa nusu, wakidhani watafukuzwa. Siku ile ya muundi wangu nilijiburura mpaka Kiponda, nikajibanza kwenye daka la nyumba moja huku damu inachuruzika. Mlango ukafunguliwa kidogo. Bibi mmoja akachungulia, mkono mmoja ameshika ushungi wake usilowe.

"Asalaam alaykum, shikamoo bi mkubwa."

"Waalaykum salaam, marahaba. Mwana wa nani wewe? Mbona unasimama mlangoni kama mdeni?"

"Naomba nijistiri mvua tu, nitakaa hapahapa nje."

"Nje hakuna stara. Vua hiyo ndara yako, ingia."

Akanipa kanga nijifute, akaniosha jeraha kwa maji ya moto na chumvi, akanipa kikombe cha chai ya tangawizi. Hakuniuliza jina mpaka nilipoimaliza.

Fanya hivi: simama barazani, toa salamu kwa sauti, piga hodi mara tatu, ukiacha nafasi kila mara. Akitoka mtu mzima, shikamoo kwanza, shida baadaye. Sema wazi kwamba unaomba stara ya mvua. Vua viatu kizingitini bila kuambiwa. Mwanamme asiingie ndani kama anayefungua ni mwanamke aliye peke yake. Baki ukumbini au barazani, na usijisikie vibaya ukiambiwa hivyo. Usipojibiwa hodi ya tatu, nenda nyumba inayofuata.

Msikiti nao ni stara, na hakuna atakayekuondoa, ila ingia kwa heshima na usipite na miguu ya tope. Si misikiti yote ina sehemu ya wanawake, kwa hiyo dada zangu wengi huona wepesi zaidi kupiga hodi kwenye nyumba.

5. Ngurumo zikianza, hesabu.

Ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie mlio. Gawanya kwa tatu: hizo ndizo kilomita. Sekunde tisa ni kilomita tatu, na hiyo ni karibu mno. Toka baharini, toka ukingoni pale Forodhani, toka uwanjani Mnazi Mmoja. Ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa lenye paa la chuma. Usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Vijana wanaojirusha baharini Forodhani watakwambia hakuna neno. Usiwafuate.

6. Maji yakiwa yameshafunika njia.

Usivuke. Maji yanayotembea, kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuibeba gari ndogo. Na hapa kwetu hatari kubwa ni kilicho chini yake: mtaro usio na mfuniko, shimo, msumari, bati.

Ukilazimika kweli, kwa mfano maji yanapanda pale uliposimama, basi fanya hivi na usibadilishe mpangilio:

a) Tafuta fimbo, mpini wa fagio, chochote kirefu.
b) Muulize mwenyeji mtaro uko upande gani. Muuza duka aliye karibu anaujua kama kiganja chake.
c) Tembea katikati ya barabara, si pembeni, kwa sababu mitaro iko pembeni. Wageni hufanya kinyume, wanashika ukuta wakidhani ndiko salama.
d) Gusa kwa fimbo kwanza, kisha mguu. Buruza mguu, usiunyanyue.
e) Ukiona maji yanazunguka kama kwenye karai linalotolewa maji, hapo chini kuna tundu. Rudi nyuma.
f) Mtoto mdogo mbebe mgongoni. Kumshika mkono haitoshi.

7. Nyaya za umeme.

Upepo ukiangusha waya, kaa mbali nao angalau mita kumi, na usikanyage maji yaliyogusana nao. Usiamini kwamba umeme umekatika kwa sababu mtaa una kiza. Unaweza kurudi ghafla. Waonye wengine, kisha mtu apige simu Shirika la Umeme. Kama kuna aliyejeruhiwa, piga 112, au 114 kwa zimamoto na uokozi. Usimguse aliyeshikwa na umeme kabla haujakatwa.

8. Ukiwa kwenye chombo cha moto.

Bodaboda: shuka. Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mafuta yaliyoganda juu ya lami huelea na barabara huwa kama imepakwa sabuni. Mlipe haki yake mpaka ulipofika, mpe pole, jibanzeni pamoja. Daladala: baki ndani ikiwa imesimama pakavu. Dereva akitaka kupita kwenye maji yaliyofunika lami, una haki ya kumwambia "nishushe hapa". Sema mapema, kabla tairi hazijaingia, na utaona wengine wanashuka nawe.

9. Ukiwa bandarini au pwani.

Boti ikiahirishwa, shukuru na tafuta pa kulala. Usitafute mwenye dau wa kukuvusha. Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali, na wengi hawakurudi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia, boti zilisimamishwa, na watu waliolala bandarini siku ile walifika kwao baadaye wakiwa wazima. Vimbunga ni nadra katika bahari hii, lakini vipo. Kile cha Aprili 1872 kilivunja meli za Sultan Barghash na kulaza mikarafuu ya Unguja, ilhali Pemba haikuumia sana. Wazee wetu kule Pemba hupenda kulitaja hilo kila inapozungumzwa karafuu.

10. Mvua ikikatika, usitoke mbio.

Subiri nusu saa nyingine. Maji kutoka sehemu za juu bado yako njiani, na kuta zilizolowa huweza kuanguka hata baada ya jua kutoka. Tazama alama ya unyevu ukutani: ikiwa maji yameshuka vidole vinne chini ya alama, yanapungua kweli. Kisha rudi kwa njia ya juu, hata kama ni ndefu. Kutoka Shangani kwenda Mkunazini unaweza kupita ndani kwa ndani bila kugusa barabara ya Darajani kabisa.

11. Ukifika nyumbani.

Oga kwa sabuni, miguu hasa. Maji ya mafuriko ya mjini yamechanganyika na maji ya makaro, na kipindupindu si hadithi hapa kwetu. Siku zinazofuata chemsha maji ya kunywa hata kama siku zote huwa huchemshi. Usinywe ya kisima kilichofunikwa na mafuriko mpaka kitiwe dawa. Chakula kilichoguswa na maji hayo kitupe, roho isikuume.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Kupiga picha za video katikati ya maji ni kosa la kwanza, na linaongezeka. Jicho liko kwenye skrini, mguu uko mtaroni. La pili ni kufuata umati. Watu kumi wakivuka mbele yako, haimaanishi njia ni salama; wao wanajua shimo liko wapi, wewe hujui. La tatu ni kuvua viatu ili visiharibike. Kiatu kinanunuliwa, na kidonda cha kioo kwenye maji yale hutunga usaha.

Kosa jingine ni la aibu. Mtu ameshika simu yenye chaji asilimia tano, hataki kumsumbua mwenyeji wake, mpaka simu inazima. Piga mapema. Sema uko wapi, uko na nani, na kwamba hutaondoka hapo mpaka mvua ikatike. Aliye nyumbani akijua hivyo hatatoka kukutafuta kwenye mafuriko, na huko ndiko wengine walikoumia.

Mambo yakienda kombo

*Simu imeingia maji.* Izime. Usiichaji, usiitikise, usiipulizie hewa ya moto. Toa laini, ifute, iweke penye upepo siku nzima au mbili. Kuizika kwenye mchele hakusaidii, na vumbi la mchele huingia kwenye tundu za chaji.

*Nimepotea vichochoroni na umeme umekatika.* Simama. Usiendelee kukata kona, maana vichochoro vya Mji Mkongwe vitakuzungusha mpaka urudi ulipoanza, umechoka zaidi. Panda baraza, ngoja mpita njia, mwoneshe ile karatasi yako yenye jina la mtaa na msikiti. Ukisikia watu wanaongea mahali wanywapo kahawa, nenda huko. Wazee wa kahawa wanaijua kila nyumba, na mara nyingi watakupa mtoto wa kukusindikiza.

*Nimejikata.* Osha mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake. Uliza sindano ya pepopunda. Mimi nilikaa siku tano nikiona kitapona chenyewe, na ndiyo maana kikafika wiki tatu. Homa, uvimbe au wekundu unaopanda mguu ni sababu ya kwenda sasa hivi, usiku usiku.

*Nimeanza kuharisha baada ya mafuriko.* Kama ni maji matupu na yanakuja mfululizo, usingoje asubuhi. Anza kunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) huku ukielekea hospitali.

*Mtoto yuko skuli na mvua imekaza.* Mwache hukohuko. Piga simu kwa mwalimu, hakikisha wamewaweka darasa la juu au penye mwinuko, umfuate mvua ikikatika. Najua ni vigumu kukaa kitako. Lakini jengo la skuli ni salama kuliko njia ya kuliendea.

*Maji yanaingia chumbani nilichopanga.* Kata umeme kwenye meini kama unaweza kuifikia ukiwa mkavu, miguu mikavu. Kama huwezi, usiiguse. Pandisha godoro, nyaraka na chakula juu ya meza, toka nje, gonga kwa jirani wa ghorofani. Mwite mwenye nyumba, na piga picha za uharibifu kabla hujasafisha ili msije mkabishana.

*Nimeazimwa kanga, sweta au mwavuli na watu nisiowajua.* Ifue, ikaushe juani, ikunje vizuri, irudishe siku ya pili au ya tatu ukiwa na kitu mkononi: mkate wa mofa, ndizi, pakiti ya majani ya chai. Piga hodi, toa salamu, na usikatae ukikaribishwa kukaa. Mimi nilipelekea karafuu za nyumbani zilizofungwa kwenye gazeti. Bi mkubwa akazinusa kabla hata hajafungua, akauliza, "Pemba upande gani?"